Dada Alipoingia Peke Yake

Mimi ni mtu wa mdomo. Marehemu mama alisema nilizaliwa nikibisha, na watu wa Nyakasimbi, nilikofundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, watakwambia mwalimu yule ukimchokoza umejitakia. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba siku ile hospitalini, nilipoambiwa nibaki nje, sikubaki kwa woga. Nilibaki kwa sababu niliona sheria yao ni ya haki, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ingekuwa sheria ya kipumbavu ningeng'ang'ania kuingia, na wangenitoa mle pamoja na kiti chao.

Zamani hospitali yetu haikujua siri. Mwishoni mwa miaka ya sabini, vita na Uganda vikiwa vimetukaba, mimi nilikuwa msichana wa kutumwa kusindikiza wagonjwa wa ukoo, na nakumbuka jinsi majibu yalivyotolewa. Mtu wa maabara alichungulia dirishani akaita kama yuko mnadani: mwenye minyoo huyu hapa, mwenye malaria nani, na wewe baba mwenye kisonono rudi na mkeo. Benchi zima linacheka, na mwenye kisonono anacheka pia, afanyeje.

Kwa daktari ndiyo usiseme. Daktari alikuwa mgeni, Kiswahili chake cha kuokotaokota, na wagonjwa wengi Kiswahili chao kilikuwa cha gulioni: salamu, bei, pole na kwaheri. Nyumbani ni Runyambo, lugha yetu, tangu kuamka mpaka kulala. Kwa hiyo kila mgonjwa aliingia na watu wake. Mjomba anaeleza, shangazi anamsahihisha mjomba, mtu wa foleni ambaye hata hamjuani anaingilia kutafsiri, na mgonjwa mwenyewe yuko katikati kama mbuzi anayepatanwa bei. Aibu ilikuwepo, sikatai. Lakini hakuna aliyetoka mle bila kujua kaambiwa nini. Usipoelewa wewe, kaelewa shangazi, na njiani atakurudia mpaka uchoke.

Halafu ukaja ule ugonjwa ambao sisi tuliuita silimu, kwa jinsi ulivyokondesha watu. Kwetu Kagera ulitangulia kufika, na ulipofika haukubisha hodi. Tulizika mpaka tukaacha kuulizana marehemu kafa na nini. Basi siku moja pale dirishani likaitwa jibu la baba mmoja, tena kwa sauti ile ile ya minyoo. Kabla hajafika kwake, habari ilishapita njiani kwa baiskeli ya mtu. Alikuta vyombo vya mke wake viko nje, na ndugu zake wamesimama kibanjani, kwenye migomba, wakimkataza asiingie. Hawakumpiga. Walikuwa wanaogopa tu. Wiki haikuisha wakamkuta amejinyonga.

Ndipo hospitali ikaweka sheria. Majibu ya damu yatatolewa chumbani, mlango umefungwa, mgonjwa na nesi aliyesomea kazi hiyo, basi. Ndugu nje. Mke nje, mume nje, padri na mchungaji nje. Mimi nilishangilia. Nilisema hata kanisani kwamba hatimaye wamepata akili, kwa sababu nilimfahamu yule baba, na mwanawe alikuwa darasani kwangu.

Nilichelewa kuona tatizo lake. Malaria iliendelea kuitwa dirishani, minyoo iliendelea kuitwa dirishani. Mlango ulifungwa kwa jambo moja tu. Kwa hiyo ukiingia mle, watu wa benchi walishakuzika kabla hujatoka. Hata wale waliotoka na afya zao walitazamwa vile vile. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kule kwetu kilichomuumbua mtu ni kitasa.

Sasa nije kwa dada yangu. Alikuwa mkubwa wetu, nami nikiwa wa karibu na mwisho. Mama alipojifungua mimi aliugua muda mrefu, dada akatolewa shule darasa la pili ili anibebe. Alinibeba mgongoni miaka ambayo wenzake walikuwa wanajifunza kusoma. Mimi nikaja kuwa mwalimu, yeye akabaki na Kiswahili chake cha gulioni. Hakuwahi kunisimanga kwa hilo, ila kunitania alinitania. Nilipomtembelea na kuanza kuwarekebisha wanawe jinsi ya kusema, alikuwa anawaambia, "Nyamazeni, mwalimu asije akatutoza ada."

Aliolewa Kaisho na mtu mwema, mfanyabiashara wa kahawa na ng'ombe, mwenye safari za kuelekea mpakani. Mwanzoni mwa miaka ya tisini yule shemeji yangu alianza kukohoa. Alikohoa, akakonda, akafa. Hakupimwa kitu chochote na hakuna aliyeuliza, maana kila mtu alishajijibu. Dada akabaki na wavulana wawili wakubwa, mama mkwe wake, na kitoto cha kike kilichokuwa ndiyo kwanza kinajifunza kukaa. Kitoto chenyewe kilikuwa kinene, kina mashavu, kinacheka na kila mtu hata na mbuzi. Nilikipenda kuliko nilivyowapenda baadhi ya wanangu, na nasema hivyo bila kuona haya.

Matanga yalipokwisha dada akaniambia anataka kupimwa. Nilimuuliza ana hakika, maana wengi walipendelea kutojua. Akasema kwa ajili yake mwenyewe asingehangaika. "Nataka kujua kuhusu huyu," akasema, akimwonyesha mtoto aliyekuwa ananyonya. Kabla ya hapo walikuwa wamepita watu wa semina ya afya kanisani kwao, wakafundisha kwamba mama mwenye ugonjwa anaweza kumwambukiza mtoto kwa maziwa yake. Yeye alishika hilo moja tu katika semina nzima. Kwake yote yalisimama hapo: anyonyeshe au asinyonyeshe, mtoto apone au asipone.

Tulipanda pikapu ya mizigo tukaenda. Damu ikatolewa, tukarudi nyumbani, siku ya majibu tukaenda tena. Nesi alikuwa binti mmoja wa mbali, sijui ni Tanga au wapi huko, mwenye Kiswahili kitamu kinachoteleza kama maji. Alisema shikamoo kwa dada yangu kwa heshima zote, akamshika mkono, akafungua mlango wa kile chumba. Mimi nikainuka nao.

"Samahani mwalimu," akaniambia, "wewe utatusubiri hapa."

Nikamwambia mimi ni mdogo wake wa damu, na mwenzangu huyu Kiswahili kinampa shida. Nesi akamgeukia dada. "Mama, Kiswahili unaelewa?" Dada akajibu ndiyo.

Hapo lazima nikueleze. Dada yangu angeulizwa na nesi kama anajua kuendesha ndege angejibu ndiyo. Kwetu mwanamke aliyelelewa vizuri hambishii mtu aliye kazini kwake. Anainamisha macho, anaitikia, mengine anakwenda kuulizia nyumbani. Ndiyo yake haikuwa jibu, ilikuwa adabu. Yule nesi angejuaje? Kwao labda ndiyo ni ndiyo. Nami nikafikiri: baba yule alijinyonga kwa sababu watu wengi walisikia. Nikarudi kukaa kwenye benchi, na wale wa benchi wakaanza kunipa pole za macho.

Hakukawia mle ndani. Alipotoka alikuwa amempakata mtoto mbele, na uso wake ulikuwa mtulivu kupita kiasi. Nikamuuliza wamesemaje. Akasema, "Nesi kanambia hii ni siri yangu." Nikamwambia mimi si mtu wa kufichwa. Akanijibu kwa upole kwamba kama ni yake basi ni yake. Tukapanda pikapu. Mtoto alipolia akitaka ziwa, alimpa ndizi mbivu aibugie.

Nilifikiri ndiyo basi, anao. Sikulala vizuri majuma kadhaa. Nilipata nafasi ya kwenda Kaisho shule zilipofungwa, nikakuta mambo yamebadilika. Wavulana walikuwa wanafundishwa na bibi yao kupika. Dada alikuwa amekwisha mwonyesha shemeji yake mdogo mipaka ya kibanja, mbegu za maharage amezigawa, nguo zake nzuri kampa mke wa jirani. Na mtoto alikuwa ameachishwa ziwa. Alikuwa anapewa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, na uji mwepesi. Yale mashavu yalikuwa yamekwisha. Aliponiona hakucheka.

"Mbona hanyonyi?" nikauliza.

"Maziwa yamekauka."

Uongo mtupu. Alikuwa amejifunga kitenge kifuani, amekikaza kama mtu anayefunga mzigo kwenye baiskeli, na bado kilikuwa kimelowa. Harufu ya maziwa ilikuwa mle chumbani. Niligombana naye siku ile kama sijawahi kugombana na mtu. Nilimwambia kama anao, anao, lakini mtoto ataharisha mpaka atuishie mikononi, maana maji yenyewe ni ya bondeni wanakokunywa ng'ombe. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Mdogo wangu, wewe umesoma mengi, lakini mle hukuingia."

Mama mkwe wake, bibi mzee asiyejua neno la Kiswahili, alikuwa amesimama mlangoni analia kimya. Alidhani tunagombania mirathi.

Kesho yake nikaenda hospitalini mwenyewe. Nilimkuta yule nesi, nikamweleza yote: mtoto, ziwa, uji, kuhara. Nikamwomba aniambie tu alimwambia nini dada yangu, nijue pa kuanzia. Alinisikiliza, macho yakamlengalenga, nami niliona kabisa ni mtu mwenye huruma. Lakini akakataa. Akasema hata mimi mwalimu, majibu yangu asingemwambia dada yangu, na ndiyo maana watu siku hizi wanakubali kuja. Nilimpandishia sauti mpaka mlinzi akaja. Nesi hakuninyanyulia yake. "Mlete mwenyewe," akasema. "Akija na akikubali uwepo, nitasema yote mbele yako. Bila yeye siwezi."

Alikuwa sahihi. Laiti angekuwa mwenye kiburi, ningekuwa na wa kumchukia miaka yote hii.

Nilirudi Kaisho nikamwambia dada twende. Akanitazama kama ananionea huruma mimi. Akaniuliza mtu anasafiri safari yote ile ili aambiwe tena jambo lile lile kwa nini. Nilimsihi, nikamtishia, nikaenda kumwita mwinjilisti wao naye akamsihi bila kujua anamsihi juu ya nini. Dada akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, na hatoki. Shule zikafunguliwa, nikalazimika kurudi kazini.

Taarifa ya mtoto ilinikuta darasani. Kuhara kulizidi, walimpeleka zahanati, wakampa maji ya chumvi na sukari. Mganga wa pale alimuuliza dada kwa nini hamnyonyeshi, akampa jibu lile lile la kukauka. Mtoto alikuwa amekwisha legea. Walikuwa wanarudi naye nyumbani, dada amembeba mgongoni, na bibi ndiye aliyekuwa nyuma yao, ndiye aliyeona shingo ya mtoto imelala vibaya.

Tukazika. Kaburi la mtoto huchimbwa haraka, halichoshi mtu. Mchungaji alisema Mungu ametoa na Mungu ametwaa, nami nilikuwa na hasira na wote wawili, anayetoa na anayesema. Dada hakulia kwa sauti. Wanawake wakawa wananong'onezana, wanasema na yeye yuko njiani, mwone alivyotulia.

Siku chache baadaye tulikuwa tunamenya ndizi jikoni, wawili tu. Akaanza kusema bila kuulizwa. Akasema sasa haina haja ya kuficha, aliyekuwa anamfichia amekwenda. Alikuwa ametaka mtoto akue bila kunyooshewa kidole kwamba mama yake alikuwa na silimu. Alikuwa ametaka amwokoe na maziwa yake. "Nilijua nitakufa," akasema, "sikutaka afe na mimi. Naye kanitangulia."

Nikamuuliza, kwa kutaka tu kuendelea kuzungumza, yule nesi alimwambiaje siku ile. Akasema nesi aliongea mengi na kwa haraka, hakuyashika yote. Lakini mawili aliyashika. Nesi alisema majibu yako ni hansi. Halafu akasema rudi baada ya miezi mitatu tukupime tena.

"Mimi nikajua miezi mitatu ni ya kuona kama bado nipo," akasema.

Niliweka kisu chini. Katika Runyambo yetu, hansi ni chini, ni ardhini, ni pale anapolala mtu akishafukiwa. Nesi hakusema hansi. Nesi alisema hasi. Mimi hilo neno nilikuwa nalifundisha darasa la tano kila mwaka, hesabu za chanya na hasi, na kila mwaka watoto wetu walinicheka mwanzoni, wanadhani nawaambia namba ziko ardhini. Nilikuwa naichora mistari ubaoni mpaka wanaelewa. Dada yangu hakufika darasa la tano. Hakufika kwa sababu alikuwa amenibeba mimi.

Nilimwambia pale pale. Mdomo wangu haujawahi kuweza kungoja. Nilimwambia hasi ni Kiswahili cha kusema hakuna, hauna, hawakuona kitu katika damu. Hakuniamini. Siku zile kila mgonjwa alidanganywa ili afarijike, wote tulikuwa mafundi wa kudanganya, na yeye alijua. "Acha, mwalimu," akasema. "Usinitibu kwa maneno." Lakini asubuhi yake nilimkuta amekwisha nawa, amekaa nje kwenye kigoda na kitenge chake cha safari, ananisubiri.

Hospitalini hakuna aliyeshangaa kutuona. Nesi aliuliza mara mbili kama dada anakubali mimi niingie, na mara hii sikuiacha ile ndiyo yake ipite hivi hivi, nilimtafsiria kwa Runyambo naye akajibu kwa Runyambo. Mlango ukafungwa tukiwa watatu. Kilikuwa chumba kidogo, meza, viti viwili na dirisha lililopakwa rangi nyeupe. Mimi nikasimama.

Nesi akasema majibu yalikuwa hasi. Nikamwomba asiseme neno hilo tena, aseme kwa maneno mengine. Akashangaa, akasema: hana virusi. Damu yake ilikuwa salama, na ile miezi mitatu ni utaratibu wa kuhakikisha tu, kwa kuwa mume alifariki karibuni. Nikatafsiri polepole, kila neno. Kisha nesi, kwa wema tu, akauliza mtoto mzuri yule hajambo.

Nilimweleza. Akaweka mikono yake juu ya meza akaitazama. Akasema, "Lakini aliniambia anaelewa. Nilimuuliza, na wewe ulikuwepo." Nikamwambia ni kweli, alimuuliza.

Dada hakuwa anatusikiliza. Alisema kitu kwa Runyambo, kwa sauti ya chini, bila kumtazama yeyote kati yetu. Nesi akaniuliza amesema nini.

"Anauliza kama maziwa yake yalikuwa mazima."

Nesi akamgeukia dada. "Mwambie ndiyo," akasema. "Yalikuwa mazima."

Nikamwambia. Dada akaitikia kwa kichwa, kwa adabu zake zile zile. Halafu akafungua kile kitenge alichojikazia kifuani, akatuonyesha gauni lilivyolowa pande zote mbili.

"Bado yanatoka," akasema.